Njia ya Kuingia Timu ya Taifa ya Riadha: Mwongozo kwa Mkimbiaji wa Nakuru

Ukilelewa Keringet, Molo, Njoro au Nyahururu, umesikia tangu utotoni kwamba timu ya Kenya haina siri: nenda mchujoni, maliza mbele, utachukuliwa. Kuna ukweli mkubwa ndani ya maneno hayo. Mchujo wa kitaifa ambao Athletics Kenya huandaa wiki chache kabla ya Olimpiki au Mashindano ya Dunia huamuliwa kwa miguu, mbele ya watu, na mtoto wa mkulima wa viazi anaweza kumshinda bingwa wa dunia mchana kweupe. Lakini kumaliza mbele ni sehemu moja tu ya tikiti. Zipo nyingine mbili, muda wa kufuzu na vipimo vya pufya (dawa haramu michezoni), na hizo hazipatikani siku ya mchujo. Hutafutwa miezi mingi kabla.

Angalia yaliyotokea Kasarani Juni 2021, katika mchujo wa Olimpiki ya Tokyo. Timothy Cheruiyot, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1500, alimaliza wa nne na kuachwa nje. Kamar Etiang, kijana aliyemaliza wa pili, alikuwa ndani. Baadaye ikabainika kwamba Etiang hakuwa amepimwa pufya mara za kutosha nje ya mashindano kama kanuni zinavyodai. Hakushtakiwa kwa kutumia chochote. Idadi ya vipimo tu ndiyo iliyopungua. Jina lake likaondolewa, Cheruiyot akaitwa, na Agosti mwaka huo akarudi kutoka Tokyo na medali ya fedha. Msomaji anayetaka kuvaa jezi ya Kenya aanze kwa kuielewa habari hiyo vizuri.

Mlango wa kwanza uko karibu nawe

Timu ya riadha ya taifa huchaguliwa na Athletics Kenya, au AK kama tunavyoiita, yenye makao yake Riadha House jijini Nairobi. Chini yake kuna matawi ya kaunti, na matawi hayo yamekusanywa katika kanda. Kumbuka kwamba ramani ya kanda za AK si ramani ya serikali, kwa hiyo usikisie uko chini ya kanda gani. Muulize mwalimu wa riadha wa shule iliyo karibu nawe, au viongozi wa tawi la kaunti, akuambie mashindano ya kaunti ni lini na ya kanda yatafanyikia wapi. Ukishinda kaunti unakwenda kanda, ukifanya vizuri kanda unakwenda mashindano ya taifa, na huko ndiko majina ya mchujo huanza kukusanywa. Wanafunzi wana ngazi zao za shule, kuanzia zoni na kaunti ndogo hadi taifa. Njia nyingine ni majeshi, polisi na magereza, ambao huleta timu zao mchujoni kama kanda zinavyoleta. Paul Tergat wa Baringo alitokea Jeshi la Wanahewa.

Usidharau mbio za wikendi ambazo AK huandaa katika miji mbalimbali mwanzoni mwa msimu. Watu wengi huziona ni mazoezi tu. Kumbe ndipo jina lako linapoandikwa kwenye matokeo rasmi kwa mara ya kwanza, na kuna mambo mawili, muda wa kufuzu na vipimo, yatakayokuja kutegemea matokeo hayo.

Nenda na cheti cha kuzaliwa, hasa kama unashindana chini ya miaka 20. Umri umekuwa jeraha la zamani katika riadha yetu, na maafisa wana haki ya kukagua. Ikiwa cheti chako kina jina tofauti na la kitambulisho, rekebisha sasa. Jina linalosomeka tofauti kwenye cheti, kitambulisho na pasipoti litakusumbua kuliko mpinzani yeyote.

Muda wa kufuzu

Hapa ndipo ninapoomba utulie, maana hapa ndipo vipaji vingi vya kwetu hukwama.

World Athletics, shirikisho la dunia, huweka muda wa kufuzu kwa kila kitengo, na pia hupokea wengine kupitia orodha ya ubora wa dunia. Kwa Mashindano ya Dunia ya Tokyo ya 2025, mwanamume wa mita 800 alihitaji 1:44.50, wa mita 1500, 3:33.00, wa mita 5000, 13:01.00, wa mita 10,000, 27:00.00, wa mita 3000 kuruka viunzi na maji, 8:15.00. Mwanamke alihitaji 1:59.00, 4:01.50, 14:50.00, 30:20.00 na 9:18.00 kwa mpangilio huohuo. Viwango hivi hubadilika kila mashindano na kwa kawaida hukazwa, kwa hiyo tafuta vya msimu wako pamoja na tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa dirisha. Ukikimbia siku moja baada ya dirisha kufungwa, muda huo haukusaidii hata ukiwa wa ajabu.

Sasa fikiria mahali tunapoishi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Nyahururu takriban 2,300, na hata viwanja vya Nairobi viko zaidi ya mita 1,600. Hewa nyepesi ya kwetu hujenga mapafu na damu, na hiyo ni neema. Lakini hewa hiyohiyo huwabana wakimbiaji wa masafa marefu siku ya kutafuta muda. Kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27 katika uwanja wa Nairobi ni kazi ya kuvunja mgongo. AK wenyewe wanalijua hilo: mwaka 2012 mchujo wa mita 10,000 kwa wanaume ulifanyika Eugene, Marekani, na mwaka 2024 wanaume na wanawake wa kitengo hicho walipelekwa huko tena. Katika mbio hizo za Mei 2024, Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani, jirani zetu wa Kericho, alipata nafasi ya Olimpiki na rekodi ya dunia ya 28:54.14 kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo mtu wa mita 5000 au 10,000 ambaye hajawahi kukimbia nje ya nchi anaweza kushinda mchujo na bado akakosa muda. Naona hilo ni dosari ya mfumo, na AK wanapaswa kuwatafutia vijana wasio na wakala mbio za nyanda za chini kila msimu. Mpaka hilo litendeke, panga yako. Mbio fupi na za kati zina nafuu: mita 800 zinakimbilika vizuri Nairobi, na mtu wa mita 100 anasaidiwa na hewa nyepesi, kama Ferdinand Omanyala alivyoonyesha Kasarani Septemba 2021 alipotimka 9.77. Mashindano ya Kip Keino Classic, yaliyoanza 2020, ni mahali hapa nyumbani ambapo muda na alama za ubora wa dunia hupatikana bila viza.

Kwa mbio za masafa marefu huenda ukahitaji wakala. Hakikisha ana leseni, omba mkataba wa maandishi, na kabla ya kutia sahihi usome pamoja na mtu unayemwamini ambaye hapati chochote kutoka kwa mkataba huo. Asikuharakishe. Mkataba mzuri leo utakuwa mzuri kesho pia.

Kisha hakikisha muda wako unahesabika. Mbio ziwe katika kalenda inayotambuliwa na World Athletics. Katika mbio fupi, saa ya mkononi haikubaliki. Mbio za uwanjani zilizowachanganya wanaume na wanawake kwa kawaida hazihesabiki, kwa hiyo dada, usijipe moyo kwa muda ulioupata ukivutwa na wavulana. Kuna pia kanuni iliyoanza Septemba 2025: anayeshindana upande wa wanawake katika mashindano ya dunia hupimwa jeni mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au kwa damu. Ulizia mapema namna AK wanavyoliratibu.

Vipimo

Kenya iko katika kundi la mataifa yanayochungwa zaidi kwa sababu ya pufya, na aibu hiyo tumeipata kwa mikono yetu. Kutokana na hilo, mkimbiaji wetu wa mita 800 kwenda juu anayetaka kwenda Olimpiki au Mashindano ya Dunia lazima awe amepimwa angalau mara tatu nje ya mashindano, bila taarifa, ndani ya miezi 10 kabla ya mashindano hayo, na vipimo viachane kwa angalau wiki tatu. Hesabu mwenyewe. Ukijulikana mwezi wa Mei na mashindano ni Agosti, muda umebana mno.

Huwezi kuagiza kipimo mwenyewe. Unachoweza ni kujulikana mapema. Kimbia mbio za nyika na mbio za wikendi kwa nguvu zako zote ili jina lako lipelekwe kwenye orodha ya wanaotarajiwa, kisha uwaachie AK na ADAK, wakala wetu wa kupambana na pufya, nambari ya simu inayopatikana na mahali unapolala kweli. Ukibadilisha laini, wajulishe siku hiyohiyo. Ukihama kutoka kambi ya Keringet kwenda kwa shangazi huko Bahati, wajulishe vilevile. Walioingizwa katika orodha rasmi ya kupimwa hutaja saa moja ya kila siku ambapo lazima wapatikane. Kukosekana au kutoa taarifa mbovu mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa la pufya, na adhabu yake inaweza kufika miaka 2, hata kama hujawahi kumeza kitu.

Siku watakapokuja, usiogope. Afisa atajitambulisha, na kuanzia hapo msindikizaji hatakuacha machoni mpaka kazi iishe. Utachagua mwenyewe kikombe na kisanduku chenye chupa mbili, A na B, kutoka kwa vilivyofungwa. Angalia mihuri. Utatoa mkojo usiopungua mililita 90 mbele ya mtu wa jinsia yako. Usipofika, utasubiri unywe maji. Utamimina wewe, utafunga wewe, utasoma nambari za chupa na kuzilinganisha na za fomu. Kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika dawa ulizotumia hivi karibuni. Andika zote, hata za kichwa. Kuna mahali pa kuandika malalamiko pia. Ukiona kitu kimekwenda mrama, kiandike hapohapo. Chukua nakala yako, uitunze na cheti cha kuzaliwa.

Hatari kubwa kwa mkimbiaji mwaminifu iko kwenye duka la dawa na zahanati ya mtaani. Goti limevimba, mtu anakuambia kuna sindano itakayolituliza kwa siku mbili. Sindano hiyo huenda ni triamcinolone, dawa iliyowafungia Wakenya wengi, na tangu Januari 2022 sindano zote za jamii hiyo ni marufuku wakati wa mashindano. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoephedrine, nayo ikizidi kiwango mashindanoni inakuangusha. Kila unapotibiwa, anza kwa kusema, “Mimi ni mwanariadha, napimwa.” Omba jina la dawa liandikwe, uliulizie ADAK kabla ya kumeza au kuchomwa. Kama ugonjwa hauna tiba nyingine, kuna utaratibu wa kuomba idhini ya matibabu. Na mtu akikuambia, “Hii ni vitamini tu, kila mtu kambini anaitumia,” ondoka kambini.

Siku ya mchujo

Usisafiri asubuhi ya mbio. Nakuru hadi Nairobi ni takriban kilomita 160, na ajali moja pale Gilgil au Kinungi inaweza kuifunga barabara na ndoto yako pamoja. Fika siku moja kabla, ulale kwa ndugu au katika malazi ya timu ya kanda, ule ulichozoea. Ugali na chai vilivyokufikisha hapo vinatosha.

Kagua viatu. Tangu Novemba 2024, soli ya kiatu cha kukimbilia uwanjani haitakiwi kuzidi milimita 20 katika kitengo chochote, na kiatu chenyewe lazima kiwe katika orodha iliyoidhinishwa. Vile vya barabarani vyenye soli nene, ambavyo vijana wengi huazimana, vinaweza kukufanya urudishwe kwenye chumba cha kuitia majina. Fika kwenye chumba hicho kabla ya saa iliyotangazwa; afisa ataangalia nambari ya kifua, spaiki na jezi. Ukiitwa ukawa hupo, hakuna wa kukulilia.

Kuhusu mbio zenyewe, elewa hesabu. Kwa kawaida wawili wa kwanza wenye muda wa kufuzu huingia moja kwa moja, na wa tatu huchaguliwa na jopo la wateuzi. Kwa hiyo fainali ya mita 1500 haikimbiwi kama mbio za kutafuta rekodi. Mizunguko miwili ya kwanza huwa ya kuviziana. Kundi limebanana, viwiko vinagusana, spaiki ya mtu inakukwaruza muundi, na aliye ndani kabisa karibu na ukingo anajiona mjanja kwa sababu anakimbia umbali mfupi. Kengele ikilia wa nje wanafunga mlango, na yeye anabaki ndani na nguvu zake zote bila pa kupitia. Ikiwa zimebaki mita 400 na uko wa sita ndani ya kundi, toka nje sasa, hata ukipoteza hatua mbili. Kufika mita 300 za mwisho, uwe na njia wazi mbele yako na bega la kiongozi karibu.

Ukiwa na nguvu kweli, ongoza. Emmanuel Wanyonyi alikuwa na miaka 19 alipofika Nyayo Juni 2024. Aliumaliza mchujo wa mita 800 kwa 1:41.70, muda wa kushangaza kwa uwanja wa Nairobi, na Agosti akashinda dhahabu Paris kwa sekunde 0.01. Na mstari wa mwisho usiutazame kabla hujauvuka. Inua kifua, piga hatua mbili zaidi ya mstari. Wapo walioinua mikono mapema wakapitwa.

Kuhusu nafasi ya tatu, nitasema ninavyoamini. Ni nafasi ya haki ikitumiwa kwa haki. Mwaka 2016 mjini Eldoret, David Rudisha alimaliza wa tatu katika mita 800, wateuzi wakamchukua, akaenda Rio akatetea dhahabu yake. Lakini kijana wa Kuresoi aliyemaliza wa tatu bila jina kubwa anastahili kuambiwa kwa maandishi kwa nini aliachwa. Ukijikuta katika hali hiyo, muone kiongozi wa kanda yako siku hiyohiyo na uulize kwa heshima. Una haki ya kuuliza.

Mabingwa nao hawana kinga kwenye Olimpiki. Katika Mashindano ya Dunia bingwa mtetezi hupata nafasi yake ya pekee, ndiyo maana wakati mwingine Kenya hupeleka wanne katika kitengo kimoja. Olimpiki ni watatu tu. Moses Kiptanui alikuwa bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mwaka 1991, akakosa timu ya Barcelona 1992, na Agosti hiyohiyo akavunja rekodi mbili za dunia. Wenzake walioteuliwa, Matthew Birir, Patrick Sang na William Mutwol, walichukua dhahabu, fedha na shaba. Ukishindwa mchujo, msimu bado una mbio.

Mbio za nyika na marathoni

Ikiwa huna muda wala wakala, anza na mbio za nyika. Mashindano ya dunia ya nyika hayadai muda wa kufuzu. Ukimaliza ndani ya nafasi zinazotakiwa mchujoni, umechaguliwa. Faith Kipyegon wa Keringet alipitia hapo. Mwaka 2010 huko Bydgoszcz, Poland, alimaliza wa nne katika mbio za vijana akikimbia bila viatu, na mwaka uliofuata akashinda huko Punta Umbría, Uhispania, miguu ikiwa bado mitupu. Dhahabu zake tatu za Olimpiki za mita 1500 zilikuja baadaye, na hata kuelekea Paris 2024 alikwenda Nyayo kwenye mchujo kama wengine, akashinda mita 1500 na 5000.

Marathoni haina mchujo wa namna hii. Huko wateuzi huangalia muda na nafasi katika marathoni kubwa za miji, kwa hiyo ushauri mwingi wa hapa, isipokuwa ule wa pufya, haukuhusu.

Omba pasipoti sasa kupitia eCitizen, hata kama hujawahi kushinda chochote nje ya kaunti. Kati ya mchujo na safari kuna wiki chache tu, na wiki hizo ni za mazoezi na viza. Kisha, kabla msimu haujafunguliwa, nenda kwa viongozi wa tawi lako ukiwa na cheti cha kuzaliwa, nambari ya simu isiyozimwa na matokeo ya mbio zako mbili au tatu za mwisho, na uwaombe kalenda ya mwaka. Wazazi na walimu, msimwache aende peke yake.